Sura ya 7: Otieno Yupi?

Ukisimama kwenye steji ya Migori asubuhi ukapaza sauti "Otieno!", huenda wakageuka watu wanne kwa mpigo: dereva, utingo, mwenye boda boda na mzee anayesubiri gari la Isebania. Kwa Wajaluo Otieno ni aliyezaliwa usiku, na usiku huzaa wengi. Onyango kazaliwa jua likipanda, Odhiambo jioni. Atakayekufikia wa kwanza si lazima awe uliyemtaka. Ni yule aliyekuwa karibu. Ndiyo maana huku, penye jambo zito, jina haliachwi litembee peke yake. Mwanamke aliyeolewa kutoka Kadem huitwa nyar Kadem, binti wa Kadem, na mwanamume wa Karachuonyo huitwa jaKarachuonyo, ili asili ya mtu imtenge na wenzake wa jina moja. M-Pesa nayo imejengwa hivyo tangu ilipoanza mwaka 2007: pesa haziendi kwa Otieno, zinakwenda kwa namba.

Kompyuta zina akina Otieno wao. Katika mfumo wa Linux, amri nyingi si maneno yaliyofumwa ndani ya mashine. Ni majina ya mafaili. Fundi akiandika mysqldump ili atoe nakala ya hifadhidata, programu inayopokea maandishi yake, ambayo mafundi huiita sheli, hupita saraka moja baada ya nyingine ikibisha hodi: humu kuna aitwaye mysqldump? Saraka ya kwanza kuitika hupewa kazi, na msako unaishia hapo hapo. Orodha ya saraka hizo, pamoja na mpangilio wake, hukaa katika kigezo kiitwacho PATH, mstari mmoja tu wa maandishi uliotenganishwa kwa koloni. Kila mtumiaji ana orodha yake, anaweza kuipangua apendavyo, na kila programu anayoianzisha huirithi. Desturi hiyo ya programu kurithi mazingira, yaani vigezo kama PATH, ya mwenye kuziita ilienea kutoka Bell Labs na Toleo la Saba la Unix la mwaka 1979. Haina ubaya wowote mradi mtu anajituma mwenyewe. Ubaya huanza anapotuma kwa mamlaka ya mwingine.

Mwingine huyo huitwa root, yaani mzizi, mtumiaji mkuu ambaye mfumo haumkatalii neno: asome faili la yeyote, afute chochote, abadilishe nywila ya kila mtu. Kwa kuwa ni hatari kumwachia mtu akae na cheo hicho kutwa nzima, mwaka 1980 hivi Bob Coggeshall na Cliff Spencer, katika idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kule Buffalo, waliandika programu ya kuazima mamlaka kwa amri moja moja. Waliiita sudo. Unaandika sudo, kisha amri unayoitaka; unathibitisha wewe ni nani; amri inatekelezwa kwa uwezo wa root; nawe unarudi kuwa mtu wa kawaida. Hadi hapo kila mwongozo wa wanaoanza unaeleza vizuri. Swali linalorukwa ni hili: sudo inapokwenda kuitafuta amri uliyoitaja, inafuata orodha ya nani? Yako wewe mwazimaji, au ya mwenye mamlaka? Msimamo wangu ni kwamba orodha iwe ya mwenye mamlaka daima, na kwamba usumbufu unaoletwa na jibu hilo, ambao si mdogo, ni gharama inayostahili kulipwa hata katika zahanati ambako fundi huonekana kwa nadra.

Naitaja zahanati kwa sababu. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, seva ya Linux yenye uzito kuliko zote mara nyingi haiko benki wala chuoni. Iko kwenye chumba kidogo karibu na kliniki ya CCC, yaani ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta kiwango cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wazima kikiwa asilimia 19.6 Homa Bay na 13.0 Migori, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Wagonjwa wanaorudi mwezi baada ya mwezi kwa miaka mingi hawawezi kufuatiliwa kwa majalada ya karatasi peke yake. Mfumo wa OpenMRS wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, uliobuniwa mwaka 2004 na kuanza kazi Eldoret chini ya mpango wa afya wa AMPATH mwaka 2006, ndio uliozaa KenyaEMR, ambao Wizara ya Afya na washirika wake walianza kuusambaza katika vituo vya umma mwaka 2012. KenyaEMR kwa kawaida hukaa juu ya Ubuntu, na MySQL ikitunza data, ndani ya kituo chenyewe, kwa kuwa intaneti hukatika na mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri mtandao urudi. Kwa hiyo kumbukumbu za nani anatumia dawa gani, na virusi vyake viko kiwango gani, zimo kwenye mashine ambayo mwenye neno sudo anaweza kuifungua yote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Katika kijiji ambamo kila mtu anajua nyar Karungu ni nani, haikuhitaji sheria kulieleza hilo.

Sasa tazama jinsi jina linavyoweza kuibwa. Tuseme katika orodha ya msimamizi kuna saraka ambayo wengine wanaweza kuandika ndani yake. Mtu anaweka humo faili aliloliita mysqldump. Faili hilo lina mistari miwili mitatu: linafanya hila yake, kisha linamwita mysqldump wa kweli ili kazi ionekane imekwenda sawa. Msimamizi anaandika amri aliyoiandika mara mia, anapata matokeo aliyoyazoea, na hajui kwamba amemtuma Otieno mwingine. Hakuna nywila iliyovunjwa. Hakuna ukuta uliorukwa. Mamlaka yametolewa kwa hiari, kwa aliyeitika kwanza. Hatari hii ni ya zamani. Grampp na Morris wa Bell Labs waliieleza katika makala yao ya mwaka 1984 kuhusu usalama wa Unix, na tangu hapo wasimamizi hufundishwa wasiweke nukta, alama ya "saraka niliyomo sasa hivi", katika orodha ya root. Lakini wengi walioshika somo la nukta hawakushika lile la koloni. Sehemu tupu katika PATH, yaani koloni mbili zilizofuatana au koloni iliyobaki ikining'inia mwanzoni au mwishoni, ina maana ile ile ya nukta. Mtu anafuta saraka moja kwenye mstari, anasahau kufuta koloni yake, na bila kuandika nukta popote ameiambia mashine: tafuta pia hapa niliposimama, popote nitakapokuwa nimesimama.

Jibu la sudo kwa tatizo hili ni kipengele kiitwacho secure_path, kinachowekwa katika faili la /etc/sudoers. Kikiwekwa, sudo haiiangalii tena orodha ya mwazimaji. Inatafuta amri katika orodha iliyoandikwa humo na msimamizi, na inaikabidhi orodha hiyo hiyo kwa programu inayoanzishwa. Ubuntu huja nacho kikiwa tayari: /usr/local/sbin, /usr/local/bin, /usr/sbin, /usr/bin, /sbin, /bin, na siku hizi /snap/bin. Saraka zote hizo ni mali ya root, na mtumiaji wa kawaida hawezi kupachika kitu ndani yake. Ndugu zake wa Red Hat kwa miaka mingi wamekuwa na orodha fupi zaidi, isiyo na zile mbili za /usr/local, na hapo ndipo vilio vingi vilipoanzia: fundi anasakinisha kifaa, kinaingia /usr/local/bin, akikiita kwa jina kinaitika, akikiita kwa sudo anaambiwa amri haikupatikana. Kwake ni uchawi. Faili lipo, analiona kwa macho, na mwenye uwezo wote katika mashine ndiye asiyeliona.

Anapofika hapo fundi ana njia kadhaa, na kwa bahati mbaya iliyo rahisi kuliko zote ndiyo mbovu kuliko zote: kukifuta kipengele, au kuongeza katika orodha saraka ya nyumbani kwake alikoweka vifaa vyake. Kuiongeza mwishoni badala ya mwanzoni hupunguza hatari, maana majina yaliyozoeleka yatakuwa yameshaitika kabla msako haujafika huko, lakini haiimalizi. Kidole kikiteleza, au kifaa kisichokuwepo kwenye mashine hii kikitajwa, msako utafika mwisho wa orodha na kumkuta anayengoja. Kipimo kinachofaa ni kimoja: kwa kila saraka katika orodha ya msimamizi, nani anaweza kuandika ndani yake, na ndani ya kila saraka iliyo juu yake? Amri ya ls -ld inajibu kwa sekunde moja. Likijitokeza jina lisilokuwa root, basi huyo, awe karani wa data au mwanafunzi wa mafunzo ya kazini kutoka Chuo Kikuu cha Rongo, ameshakuwa msimamizi wa seva ya kituo bila barua ya uteuzi. Njia zilizo safi hazina ugumu: kutaja anwani kamili ya faili, au kuweka katika /usr/local/bin kiungo kinachoelekea kwenye kifaa, kiungo na kifaa vyote vikiwa mali ya root.

Kuna pingamizi ambalo mtu wa mjini hulipuuza. Kituo kikiwa kisiwani Mfangano, fundi anafika kwa boti kutoka Mbita. Akifika ana saa chache kabla ya boti ya kurudi, foleni ya wagonjwa iko nje, na afisa wa rekodi za afya anataka mfumo uamke. Kumwambia fundi huyo ashughulike na umiliki wa saraka wakati amri yake inakataa kutii ni kumwambia mwenye nyumba inayoungua atafute kwanza risiti ya ndoo. Nalikubali pingamizi hili kwa upande wa haraka. Silikubali kwa upande wa tiba, kwa sababu tiba ya haraka na tiba salama hapa zinachukua muda ule ule. Kuandika sudo /opt/kifaa/bin/kifaa badala ya sudo kifaa ni herufi kumi na kitu. Kuhariri sudoers ndiko kunakochukua muda, na ndiko kwenye hatari ya pili ambayo mtu wa Mfangano anapaswa kuiogopa kuliko mwenzake wa Nairobi: kosa moja la kisarufi katika faili hilo laweza kuifanya sudo ikatae kumhudumia yeyote, na boti inaondoka seva ikiwa imejifungia kwa ndani. Kwa hiyo anayelazimika kulihariri atumie visudo, ambayo hukagua sarufi kabla ya kuhifadhi. Akipendelea kuweka mabadiliko yake katika faili la pekee chini ya /etc/sudoers.d, asilipe jina lenye nukta. Sudo huyaruka mafaili ya namna hiyo bila kusema lolote, naye atakaa akishangaa kwa nini maneno yake hayasikiki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema hivi: mtu mwenye ruhusa kamili ya sudo anaweza kufanya chochote, hivyo kumchagulia orodha ni sawa na kumfungia mlango mwenye ufunguo. Tena, mwizi akishaiteka akaunti yake, hana haja ya kuhangaika na secure_path. Ataweka katika orodha ya kawaida ya akaunti hiyo faili liitwalo sudo, litakalomwomba mwenyewe nywila na kuihifadhi. Neno sudo lenyewe hutafutwa kwa orodha ya mwazimaji, kwa kuwa linaandikwa kabla mamlaka hayajaazimwa. Hoja hii ni ya kweli na sioni njia ya kuikwepa. Secure_path haimlindi msimamizi ambaye akaunti yake imeshaingiwa, na anayeiuza kama ngao ya kila mshale anadanganya. Lakini hoja inachukulia kwamba kila anayetumia sudo ana ruhusa kamili na kila hatari ni mwizi. Katika vituo vyetu mambo hayako hivyo. Utaratibu mzuri humpa afisa wa rekodi za afya ruhusa ya amri mbili tatu tu, tuseme kuanzisha upya huduma ya mfumo na kutoa nakala ya hifadhidata, mara nyingi kupitia skripti fupi. Skripti hiyo, ikiendeshwa kwa uwezo wa root, inaita amri nyingine ndani yake, tar, gzip, mysqldump, kwa majina matupu. Ikirithi orodha ya afisa, basi afisa mwenye ruhusa ya amri moja ana ruhusa ya amri zote. Anachohitaji ni faili moja liitwalo gzip na saraka ya kuliweka. Kwa huyu, secure_path ndiyo tofauti kati ya kuazimwa jembe na kupewa shamba.

Na hata tukiwatoa wezi wote, ajali zinabaki, na ajali ni nyingi kuliko wezi. KenyaEMR kwa miaka mingi imekuwa ikihitaji Java ya toleo la 8, huku programu nyingine zikidai toleo jipya zaidi. Fundi akiwa na Java mbili, orodha yake ikianza na mpya, kisha akaendesha kazi ya usimamizi kwa orodha hiyo, huduma inaweza kuamka na Java isiyo yake na kuanguka kwa sababu ambayo kumbukumbu za makosa hazitaisema waziwazi. Orodha moja isiyobadilika kwa kila anayeazima mamlaka humhakikishia fundi wa leo kwamba atapata kile kile alichokipata fundi wa mwezi uliopita. Mimi ningekitetea kipengele hiki kwa hilo pekee.

Anayedhani kwamba haya yote ni ya nadharia aangalie Januari 2022, kampuni ya Qualys ilipotangaza kasoro katika pkexec, programu nyingine ya kuazima mamlaka inayokuja na Ubuntu, Debian, Fedora na CentOS. Kasoro ilikuwemo tangu Mei 2009. Mshambuliaji aliianzisha pkexec bila kuipa hoja, yaani maneno ambayo programu hukabidhiwa inapoanzishwa, hata moja; programu, kwa kutohesabu, ilisoma kupita mwisho wa orodha ya hoja na kuangukia kwenye mazingira ya mwitaji; ikakichukulia kigezo cha kwanza ilichokikuta humo kuwa ni jina la amri; ikaenda kulitafuta jina hilo katika PATH iliyoandaliwa na mshambuliaji; kisha ikaandika anwani iliyoipata pale pale ndani ya mazingira. Hivyo kigezo hatari ambacho mfumo ulikuwa umeshakichuja mlangoni kikarudi kwa dirisha, na mtumiaji yeyote wa kawaida akawa root. Miaka mitatu baadaye, Juni 2025, ikawa zamu ya sudo yenyewe: chaguo moja lake lilimruhusu mwitaji kutaja saraka ichukuliwe kuwa mwanzo wa mfumo mzima, na sudo ikaenda kusoma faili la mipangilio kutoka humo. Makosa mawili ya waandishi tofauti, katika programu tofauti, na chanzo ni kile kile: mwenye mamlaka alitoka kwenda kutafuta kitu akiwa ameshika ramani ya mwazimaji. Hakuna mpangilio wa secure_path ambao ungeyazuia hayo, ila kusasisha mfumo. Lakini yanaonyesha kwa nini waliobuni kipengele hicho hawakuwa wakiogopa kivuli.

Ugumu unaobaki hautokani na sudo. Unatokana na wingi wa orodha. Fundi akishaielewa secure_path hudhani ameshaijua orodha ya root, kumbe root ana orodha kadhaa kutegemea mlango alioingilia. Akiingia kwa su, amri ya kugeuka kuwa mtumiaji mwingine, badala ya sudo, mambo ni mengine. Debian 10, iliyotoka Julai 2019, ilibadilisha toleo la su linalotumika, na toleo hilo jipya haligusi PATH ya anayeingia isipokuwa ameandika su na kistari baada yake. Wasimamizi wa miaka mingi waligeuka kuwa root, wakaandika adduser, wakaambiwa amri haikupatikana, kwa sababu walikuwa wamevaa cheo kipya wakiwa na orodha ya zamani isiyo na /usr/sbin. Wengi waliona ni hitilafu. Kwa kipimo cha sura hii ilikuwa hitilafu ya upande wa pili, orodha ya mwazimaji ikiingia ndani ya mamlaka, na kistari kimoja kinaitibu.

Kisha kuna cron, mtumishi wa zamu ya usiku, ambaye kwa Ubuntu hupewa orodha ya saraka mbili tu, /usr/bin na /bin, katika kazi ambazo mwenyewe hakumwandikia nyingine. Skripti ya nakala rudufu ikijaribiwa mchana kwa sudo inafanya kazi barabara, kwa kuwa secure_path ina /usr/local/bin, na humo ndimo kilimo kifaa cha kusimba nakala kabla hazijapelekwa kaunti. Usiku wa manane cron anaiendesha skripti ile ile, hakioni kifaa, anaandika malalamiko yake katika barua ya ndani ya mashine ambayo hakuna anayeifungua, na faili la nakala linabaki na baiti sifuri. Litakaa hivyo, na jina lake zuri lenye tarehe, hadi diski ya seva itakapokufa. Dawa yake ni mstari mmoja juu kabisa ya skripti, PATH iliyoandikwa kwa mkono yenye saraka za root peke yake, au anwani kamili kwa kila amri iliyo ndani. Na asubuhi yake mtu wa kufungua faili la nakala aone kama lina kitu.